Clann: kipandikizi cha Kilatini kilichogeuka watoto wa Ayalandi

Ukimwuliza mzungumzaji wa Kiayalandi kama ana clann, hujamwuliza habari za ukoo wake. Umemwuliza kama ana watoto. Watafsiri wengi hukosea hapa kwa sababu wamelijua neno hilo kupitia Kiingereza, ambako clan ni ukoo wenye jina moja na mkuu wake. Lakini Kiingereza hakikulitoa Ayalandi. Kililipokea Uskoti katika karne ya 15, kutoka Kigaeli cha huko, na kikashika maana ya ukoo.

Katika Kiayalandi cha leo, Tá triúr clainne aici ni "ana watoto watatu". Clann clainne ni wajukuu. Mwanamke mjamzito husemwa yuko ag iompar clainne, yaani anabeba watoto, hata kama aliye tumboni ni mmoja. Jamaa kwa upana wao ni muintir, na watu wa nyumba moja ni teaghlach. Sheria za kale za Ayalandi nazo, zilipozungumzia kundi la ndugu wenye haki ya pamoja juu ya ardhi, zilitumia neno fine. Clann iligusa maana ya ukoo hasa pale ilipofuatwa na jina la babu: Clann Cholmáin, nasaba iliyotawala Mide, ufalme wa kale katikati mwa Ayalandi, ni "wazao wa Colmán". Hata hapo, "wazao" ni tafsiri salama kuliko "ukoo".

Neno lenyewe si la Kiayalandi kwa asili. Limetoka katika Kilatini planta, ambalo kwa wakulima wa Roma halikuwa mmea wowote tu. Lilikuwa kipandikizi: tawi au chipukizi lililotengwa na shina ili likapandwe kwingine. Virgilius, mshairi wa Roma, katika kitabu cha pili cha Georgica, utenzi wake juu ya kilimo, anaeleza mkulima anavyokata plantae kutoka mwili mwororo wa mama zao na kuzilaza kwenye mifereji ya shamba. Aliyewahi kung'oa machipukizi ya mgomba ataelewa mara moja jinsi neno hili lilivyoweza kuhamia kwa watoto. Kuna planta nyingine ya Kilatini yenye maana ya wayo wa mguu. Hiyo isichanganywe na hii unapoeleza asili ya clann.

Swali gumu ni hili: p imekwenda wapi?

Kiayalandi cha kale kabisa hakikuwa na sauti p. Ogham, maandishi ya mistari iliyochongwa kwenye kingo za mawe, yalikuwa na herufi 20 za mwanzo, na p haimo. Yalikuwa na alama mbili zilizo jirani: mistari minne kwa k, na mitano kwa kw, ile ya "kwato". Neno la "mwana" liliandikwa MAQI, na leo ni mac. Ng'ambo ya bahari, katika lugha ya Waingereza wa kale iliyozaa Kiwelshi, kw hiyohiyo ilikuwa imegeuka p: tano ni cúig kwa Kiayalandi na pump kwa Kiwelshi, kichwa ni ceann na pen. Kwa hiyo watu waliosikia Kilatini kutoka kwa Wakristo wa Uingereza walikuwa wameshazoea kwamba p ya jirani ni kw yao. Planta ikaingia ikianza na kw, na baadaye, kw ilipopoteza mviringo wa midomo na kubaki k, ikawa cland, kisha clann.

Kutokana na hayo, anayechunguza asili ya neno ana kipimo cha kutumia. Tazama p ya Kilatini imefanyiwa nini. Ikiwa imetoweka bila alama, huo si mkopo bali ni urithi wa pamoja wa lugha zote mbili: pater na athair (baba), piscis na iasc (samaki), plenus na lán (-liojaa). Ikiwa imegeuka c, ni mkopo wa mapema: pluma ikawa clúm (manyoya), purpura ikawa corcra (zambarau, na hapo p zote mbili zimegeuka), Pascha ikawa Cáisc, ambayo ni ndugu wa Pasaka yetu. Ikiwa p imebaki, mkopo ni wa baadaye: peccatum ikawa peaca (dhambi), poena ikawa pian (maumivu). Mikopo hii isigawanywe katika mafungu mawili yenye mpaka mkali, kwa maana iliingia mfululizo. Na c peke yake haithibitishi kitu: céad (mia) inafanana na centum kwa sababu ya urithi, wala hakuna p iliyohusika.

Ulinganifu huu wa p na c haukugunduliwa na wanaisimu wa kisasa. Kamusi inayohusishwa na Cormac mac Cuilennáin, mfalme na askofu wa Cashel, kusini mwa Ayalandi, aliyeuawa vitani mwaka 908, inaeleza kwamba cruimther (kasisi) haikutoka moja kwa moja katika presbyter, bali katika umbo la Kiwelshi premter, kwa kuwa prem ya Kiwelshi, yaani funza, ni cruim kwa Kiayalandi. Uchambuzi huo ni safi kabisa. Baada yake kamusi inaongeza mahubiri kuhusu kasisi na funza, ambayo kisayansi hayana kazi.

Kiwelshi nacho kilichukua planta, kikabaki na p: plant ni watoto, na mmoja ni plentyn, umoja ulioundwa kwa kuongeza kiambishi tamati. Kwamba lugha hizi mbili zililihamisha neno la bustanini hadi kwa watoto ni dalili nzuri kwamba Waayalandi walilipata midomoni mwa majirani, si vitabuni.

Maana ya mmea ilipofifia katika clann, Kiayalandi kilikopa upya mzizi uleule, safari hii p ikiwa salama: planda ni mmea, na plandáil ni upandaji. Plandáil Uladh ndilo jina la mpango wa kuanzia 1609 wa kuwagawia walowezi wa Kiingereza na Kiskoti ardhi zilizotaifishwa kaskazini mwa Ayalandi.

Anayetaka kulifuatilia neno hili katika maandishi ya kale atumie eDIL, kamusi ya mtandaoni ya Kiayalandi cha kale na cha kati, na atafute cland, si clann pekee. Akikuta chlainne, aondoe h inayofuata herufi ya kwanza, kwani ni alama ya kulainika kwa konsonanti. Clainne na cloinne ni umbo lilelile la umilikaji katika tahajia mbili.