Kidonge cha presha kikiacha kukukojoza, usikitupe

Juzi kaja mzee mmoja hapa dirishani kwangu pa kutolea dawa, kazi yake kukausha ng'onda, wale samaki wa chumvi, mtu wa Mtwara hii hii. Shikamoo mzee. "Marahaba mwanangu, hizi dawa mlizonipa zimechuja." Katoa mfuko wa shati kipande cha bendro, yaani bendroflumethiazaidi, kidonge cha presha, kimekunjwa kunjwa, vidonge kibao havijaguswa. Anasema mwanzo akimeza asubuhi mpaka saa sita keshaenda chooni mara tano, sasa mwezi wa pili huu anakojoa kama zamani tu, basi kaona dawa imekufa kaachana nayo. Nikampima presha, 172 kwa 98.

Hii nimeisikia mara nyingi mno, na mie naona kosa ni letu wa madirishani, tunampa mtu dawa tunamwambia "hii ya kukojoza" tumemaliza, sasa isipomkojoza unategemea afikirie nini?

Iko hivi. Figo kwa siku zinachuja kama lita 180 za maji kutoka kwenye damu, na ndani yake inapita chumvi inayozidi kilo nzima, halafu karibu yote inaokotwa na mirija midogo ya figo inarudishwa kwenye damu, ndo maana unakojoa lita moja na nusu hivi tu. Bendro na mwenzie haidroklorothiazaidi zinaziba mlango mmoja wa chumvi kule karibu na mwisho wa mirija, mlango unaookota kama asilimia 5 tu. Chumvi ikikosa pa kurudia inateremka na mkojo, na maji yanaifuata.

Nikamuuliza mzee, ukimpasua samaki ukampaka chumvi, baada ya muda kwenye beseni unakuta nini? "Maji." Nani kayavuta? Kacheka. Basi na kwenye damu chumvi iko hivyo hivyo, ikijazana inashika maji, mishipa inajaa, presha juu.

Sasa utamu uko hapa. Wiki za mwanzo presha inashuka kwa sababu maji yamepungua kwenye damu kweli. Baadaye mwili unashtuka, figo zinaanza kubana chumvi kwenye milango mingine, mkojo unarudi kawaida na maji ya damu yanarudi karibu na pale pale, ila presha haipandi! Mishipa midogo inakuwa imelegea, damu inapita bila kusukumana. Inalegezwaje hasa, wataalamu wanabishana mpaka leo, lakini kwamba inalegea halina ubishi, na ukiacha kidonge inarudi kukaza. Kwa hiyo mzee kaitupa dawa wakati ndo imekolea.

Kuna wanaotaka frusemaidi, dawa nyingine ya kukojoza, kisa "ile ina nguvu". Ina nguvu ndiyo, inaziba mlango unaookota kama robo ya chumvi yote, lakini baada ya masaa sita hivi imeisha na figo zinaanza kuokota kwa hasira kufidia. Hiyo ni ya miguu iliyovimba na moyo uliochoka, kwa presha ya kawaida bendro inaishinda. Na msiidharau kwa urahisi wa bei yake, dawa ya ukoo huo huo ilishindanishwa Marekani na dawa mpya za bei mbaya, watu zaidi ya 33,000, majibu yakatoka 2002, haikuachwa nyuma.

Wala usijiongezee viwili, presha haitashuka sana zaidi ya hapo, utakachopoteza ni madini ya potasiamu, misuli ikaze usiku na mapigo ya moyo yaende ovyo. Na diklofenaki za mgongo mnazonunua dukani kila siku zinazifanya figo zishike chumvi, yaani huku unafungua huku unaziba. Ng'onda nayo, samahani mzee wangu, ndo hivyo hivyo.

Kabla hajaondoka kaniuliza kitu cha maana kuliko vyote: siku ya safari ya Dar je, maana akianza upya kitamkojoza tena kama mwanzo, na basi halisimami hovyo na yeye huwa anaruka kidonge. Nikamwambia hiki si lazima kiwe asubuhi, siku hiyo kimeze ukishafika, choo kiko jirani. "Na nikifika usiku?" Utaamka mara moja mbili mzee, vumilia.