Utrasaundi si ya wajawazito peke yao

Juma lililopita nimeulizwa tena. Mzee mmoja wa Tandahimba alimleta kijana wake mwenye ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe wa utumbo wa kudumu, yuko mwezi wa nne wa dawa. Nikamwambia kijana apande kitandani nimpige utrasaundi. Mzee akaguna. "Daktari, unisamehe, lakini hicho si kipimo cha wajawazito? Mimi nasubiri mnada wa korosho nimpeleke Dar akapigwe sitiskani (CT scan)."

Maneno hayo nimeyasikia hadi nimeyakariri. Kuanzia Masasi hadi Lindi mjini, imani ni moja: mashine ikiwa kubwa na bei ikiwa kali, ndicho kipimo cha kweli. Kwa hesabu hiyo tungekwenda shambani na lori, bodaboda tukaziacha.

Ukuta wa utumbo usio na shida hauzidi milimita 3 hivi. Ukivimba hunenepa, tabaka zake zinazoonekana kama mistari huanza kufutika, na Dopla, kipengele cha utrasaundi kinachoonyesha mwendo wa damu, huonyesha damu ikijazana humo. Mafuta yaliyouzunguka nayo hubadilika. Yote hayo nayaona utumbo ukiwa unacheza mbele yangu, mgonjwa akinionyesha kwa kidole panapomuuma. Kijana yule alipoanza dawa, ukuta wa mwisho wa utumbo mwembamba ulikuwa milimita 7. Siku hiyo nikapima 4. Jibu alilotaka mzee likawa limepatikana kabla korosho haijauzwa: dawa inafanya kazi, ila haijamaliza.

Wenye shaka nawapa utafiti wa METRIC, uliofanyika Uingereza na kuchapishwa 2018, kwa wagonjwa 284. Katika kutambua kama Crohn ipo kwenye utumbo mwembamba, MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, ilifikia asilimia 97, utrasaundi 92. Ndiyo, MRI ilishinda, na katika kupima ugonjwa umeenea hadi wapi ilishinda zaidi, 80 kwa 70. Sibishi. Lakini kwa mgonjwa tunayemjua tayari, tunayetaka kumfuatilia kila baada ya miezi michache, tofauti hiyo haimlazimu mtu kuuza gunia.

Na sitiskani ya kurudiarudia siitaki kabisa kwa kijana. Mionzi yake kwa tumbo moja huzidi ya eksirei ya kifua mara nyingi mno, na ugonjwa huu hauishi mwaka mmoja. Atakuwa nao miaka arobaini. Tumbo likikaza ghafla, homa ikapanda, nikahofia jipu au utumbo kutoboka, hapo natafuta sitiskani mimi mwenyewe, usiku huohuo.

Utrasaundi ina udhaifu wake. Inategemea mkono na jicho la anayepima. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana hujificha ndani ya nyonga. Fistula, yaani vijitundu visivyo vya kawaida, za karibu na njia ya haja zinataka MRI, na hapo usikubali mbadala.

Wengine wanaikimbia MRI kwa kuogopa mionzi. Haina mionzi, ni sumaku. Tuambie tu kama una chuma mwilini.

Wengine huuliza: "Picha imeonyesha uvimbe, kamera ya kuingizwa utumboni ya nini tena?" Kwa sababu kifua kikuu cha utumbo nacho hupenda palepale utumbo mwembamba unapokutana na mpana, na kwenye picha kinaweza kufanana na Crohn kama pacha. Nikianza steroidi, dawa za kutuliza uvimbe ambazo pia hushusha kinga ya mwili, kwa kubahatisha, nimekiachia kifua kikuu mlango wazi. Amiba vilevile. Kinyama cha utumbo kichukuliwe kwa kamera na kupimwa kwanza.

Wengine husema: "Maumivu yameisha, nimepona." Maumivu yanaweza kuisha na ukuta ukabaki mnene. Kalprotektini, kipimo cha choo kinachoonyesha uvimbe wa utumbo, pamoja na utrasaundi vitasema.

Eksirei ya kawaida ya tumbo? Haipimi uvimbe wa ukuta. Tunaipiga tukihofia utumbo umeziba, umetoboka au umetanuka kupita kiasi.

Ukija kwangu, njoo asubuhi hujala. Usiku wa kuamkia kipimo achana na kunde na soda, kwa kuwa gesi huzuia mawimbi ya sauti nami nitabaki natazama ukungu. Na daftari lenye vipimo vya mwanzo usilisahau nyumbani. Mzee wa Tandahimba alilisahau. Bahati nzuri milimita 7 nilikuwa nimeziandika kwangu.