Meseji ya M-Pesa si ankara: dhana potofu za kodi kwa maajenti wa nyumba na ploti

Ajenti wa nyumba na ploti anayejitegemea nchini Kenya hana mwajiri wa kumkatia PAYE (kodi ya mshahara) wala mhasibu wa kumpangia karatasi. Mengi anayoyaamini kuhusu gharama za kukatwa kabla ya kodi ameyasikia kwa ajenti mwenzake. Kila Juni ikifika yanarudi yaleyale, na hili la kwanza ndilo linalowagharimu watu pesa nyingi kuliko mengine yote.

"Nimelipa na ushahidi ninao, kwa hiyo gharama itakubalika"

Ushahidi wenyewe huwa ni meseji za M-Pesa, taarifa ya benki na risiti za kuandikwa kwa mkono. Miaka ya nyuma ungeweza kubishana nazo. Tangu 1 Januari 2024, kifungu cha 16 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, kama kilivyorekebishwa mwaka 2023, kinakataa gharama yoyote isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS, mfumo wa ankara wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA). Meseji ya M-Pesa inaonyesha kwamba pesa ilitoka kwako. Haionyeshi umenunua nini, na haimfungi aliyeipokea kutangaza mapato yake. KRA inataka hayo yote mawili, na imetangaza kwamba kuanzia Januari 2026 inalinganisha mapato na gharama za kwenye ritani na rekodi za eTIMS, za kodi ya zuio (ile anayoikata mlipaji kabla ya kukulipa) na za forodha.

Ajenti huumia zaidi kwenye mgao wa broka. Tuseme kwa mwaka umepata kamisheni ya shilingi 3,000,000, na kati ya hizo umewalipa 900,000 mabroka waliokuletea wateja. Hakuna hata mmoja aliyekupa ankara. Zile 900,000 zinarudi kuwa mapato yako, na kwa kiwango hicho cha mapato zinatozwa asilimia 30: shilingi 270,000 za kodi juu ya pesa ambayo hukubaki nayo.

Kinga yake ni kazi ya dakika chache, mradi ifanywe kabla hujatuma pesa. Mapatano ya mgao yaandikwe, hata kwa ukurasa mmoja: mali ipi, mnunuzi nani, asilimia ngapi, PIN ya broka (namba yake ya mlipakodi) ni ipi. Ihakiki PIN hiyo kwenye iTax, tovuti ya kodi ya KRA. Huhitaji hata kuingia kwenye akaunti. Kisha broka atoe ankara ya eTIMS kwa kiasi kizima cha mgao, iwe na PIN yako. Asiye na kompyuta anapiga *222# kwenye simu ya kawaida. Ikiwa mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 5, sheria inakuruhusu wewe mnunuzi wa huduma kuiandaa ankara hiyo kwa idhini yake.

Hapo bado kuna kodi ya zuio. Malipo ya uwakala yakifika 24,000 kwa mwezi, unazuia asilimia 5 na kuiwasilisha ndani ya siku tano za kazi. Kwa mgao wa 150,000 unazuia 7,500 na kumtumia broka 142,500. Usipozuia, KRA ina haki ya kukudai wewe pesa hiyo, hata kama broka ameshakula hela yake akaenda zake.

Hata wanaodai ankara hukosea, na makosa yenyewe yanajulikana. Ankara haina PIN ya mnunuzi, kwa hiyo haihesabiki kuwa yako. Ina PIN ya kampuni, na wewe unawasilisha ritani kama mtu binafsi. Imeandikwa 142,500 badala ya 150,000. Au imetolewa Februari kwa kazi ya mwaka uliokwisha Desemba. Kwenye kituo cha mafuta, taja PIN kabla risiti haijachapwa, kwa sababu ikishatoka lazima ifutwe kwa hati ya marekebisho na nyingine itolewe, na hakuna mhudumu mwenye foleni nyuma yake atakayekufanyia hivyo. Andika PIN yako nyuma ya kava la simu. Nashauri hivyo kwa kila ajenti, na wanaofuata ndio huwa na risiti zinazofaa mwaka ukiisha.

Zipo gharama zisizohitaji eTIMS: mishahara, riba inayotozwa na taasisi za fedha, tiketi za ndege, bidhaa zilizoagizwa kutoka nje zenye hati za forodha, na huduma za kampuni ya nje isiyo na makao ya kudumu nchini. Hizo zinahitaji hati zake za kawaida. Orodha hiyo ni fupi. Fundi aliyekupakia rangi ofisini, mpiga picha za droni na mchapishaji wa mabango hawamo.

"Mteja amenikata asilimia 5, basi kodi yangu imekwisha"

Haijaisha. Kwa mkazi anayefanya biashara, asilimia 5 ni malipo ya awali tu. Kamisheni ikiwa 400,000 nawe ukapokea 380,000, ritani inatakiwa kuonyesha mapato ya 400,000, halafu zile 20,000 zinapunguza kodi yako kupitia cheti kilichomo iTax. Wanaoandika 380,000 kisha wakadai cheti hicho hicho wanajipunguzia mara mbili, na mfumo unawaona.

"Mimi ni mdogo, niko kwenye TOT ya asilimia 3"

Kodi hiyo, inayotozwa juu ya mauzo ya biashara ndogo, haigusi ada za usimamizi na za kitaalamu, na sheria inahesabu huduma za uwakala humo. Kamisheni yako inatozwa kwa viwango vya kawaida, baada ya kutoa gharama. Mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka, unatakiwa pia kujisajili kwa VAT.

"Gari ni la kupeleka wateja saiti, kwa hiyo nalikata lote"

Bei ya gari haikatwi kwa mkupuo. Unapata punguzo la uwekezaji la asilimia 25 kila mwaka kwa mafungu sawa, na kwa gari dogo bei inayohesabiwa haizidi milioni 3. Gari la milioni 4 linakupa 750,000 kwa mwaka, si milioni moja. Hata hizo zinagawanywa: ikiwa asilimia 60 ya kilomita ni za kazi, unadai 450,000. Marejesho ya mkopo wa gari ni hivyo hivyo. Riba, kwa sehemu ya kazi, inakatwa, lakini msingi wa mkopo haukatwi.

Safari ya kutoka nyumbani kwenda ofisini ni yako binafsi. Kutoka ofisini kupeleka mteja kuona ploti Kitengela ni ya kazi. Daftari la safari lenye tarehe, usomaji wa kilomita mwanzo na mwisho, mahali na jina la mteja ndilo linalotenganisha hizo mbili. Likijazwa lote kwa siku moja mwezi wa Juni, mkaguzi analitambua kwa wino na kwa namba zinazoishia na sifuri.

"Suti na chakula cha mchana na mteja ni gharama za kazi"

Suti unavaa hata harusini, kwa hiyo haikatwi. Kumburudisha mteja hotelini nako hakukatwi.

"Deposti niliyopokea ni mapato, nikimpa mwenye nyumba ni gharama"

Si mapato yako, wala si gharama. Ni pesa ya mteja iliyopita mkononi mwako. Ikae kwenye akaunti ya peke yake, nawe ukate kamisheni yako tu.

Kinachosahaulika, na ni haki yako: michango ya SHIF (bima ya afya ya jamii) inapunguza mapato yanayotozwa kodi tangu 27 Desemba 2024, na pensheni iliyosajiliwa hadi 30,000 kwa mwezi.

"Tarehe ni 30 Juni"

Hiyo ni ya kuwasilisha ritani. Baki la kodi hulipwa kufikia 30 Aprili. Kodi ya mwaka ikifika 40,000, unatakiwa uwe umeilipa kwa mafungu manne: tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba za mwaka wenyewe wa mapato. Ukichelewa kuna faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, na faini hiyo haikatwi kama gharama.