Fungu la chakula likipungua, tusishangilie haraka

Kazi yangu ni kuchambua bajeti za nyumba, na hapa Busia, upande wa Uganda, wazee huniambia zamani pesa iliishia kwenye chumvi, sukari, sabuni na mafuta ya taa, basi. Ni kweli, ila miaka ya 1970, enzi za magendo, hata mwenye pesa alikosa sukari. Matumizi ya wakati ule hayaonyeshi watu walitaka nini, yanaonyesha kilichopatikana.

Mwaka 1857 Mjerumani Ernst Engel, akitumia bajeti za familia za wafanyakazi wa Ubelgiji, alionyesha kwamba kipato kikipanda, fungu la chakula, yaani sehemu ya matumizi yote inayokwenda kwenye chakula, hupungua, hata kama shilingi zinazokwenda sokoni zinaongezeka. Naikubali kanuni hiyo. Lakini kwa Uganda naisoma kwa tahadhari, na sababu kubwa ni karo.

Serikali iliondoa karo ya shule za msingi mwaka 1997, na mpango wa sekondari ukafuata 2007. Wengi tulitarajia mzigo utue. Badala yake yalibaki madaftari, sare, chakula cha mchana na michango isiyoisha, na mzazi aliyepata nafuu kidogo akampeleka mtoto shule ya binafsi. Mama mmoja muuza nguo sokoni alinieleza vizuri: muhula ukifunguliwa, nyama inatoka, mukene (dagaa) unaingia, chai inanywewa kavu, na posho (ugali) ya usiku inapikwa mapema ili watoto walale. Kwenye majedwali yangu fungu lake la chakula linashuka, naye anaonekana kama mtu aliyeneemeka. Hilo linaniuma kila ninapoliona.

Simu nayo imejipatia fungu lake. Kampuni ya simu ya MTN iliingia Uganda 1998, pesa za simu zikaja 2009, na leo hata anayelala na mkopo dukani hakosi bando. Shida ni kwamba pesa hii hutoka kidogo kidogo, mia tano hapa, elfu moja pale, na hakuna anayeikumbuka. Katika tafiti za kaya nchini tunauliza chakula cha siku 7 zilizopita, vitu vya kawaida vya siku 30, na vitu vya kudumu vya mwaka mzima. Mtu atakutajia bei ya godoro bila kusita, lakini bando za mwezi atakisia tu.

Halafu kuna shamba. Muhogo na matoke ya nyumbani lazima yapewe bei na kuhesabiwa kama matumizi, la sivyo familia ya kijijini itaonekana haili. Familia hiyohiyo ikihamia mjini inanunua kila kitu, mpaka makaa na jerikeni ya maji. Pesa inayotoka mkononi inapanda maradufu huku sahani ikibaki ileile.

Kwa hiyo kabla sijasema nyumba fulani imepiga hatua, naangalia kwanza majibu ya maswali mawili: wanakula mara ngapi kwa siku, na kama maharage au samaki vilipikwa wiki hiyo.