Sensa ya waya mmoja, na ile -127 inayowasumbua wengi

Wanaojiundia mashine za kutotoleshea vifaranga swali lao kwetu huwa ni lilelile, mbona sensa ya joto inasoma nyuzi -127? Wengi wanadhani wameuziwa feki, wanarudi dukani kununua nyingine, nayo inasoma hivohivo. Sensa yenyewe ni DS18B20, asili yake kampuni ya Dallas Semiconductor ya Marekani, na inaongea na maikrokontrola (kompyuta ndogo ya kwenye bodi, kama ile ya Arduino) kwa waya mmoja tu wa data, ukiacha wa moto na wa graundi.

Sasa kwenye huo waya wa data hamna kifaa kinachoupandisha volti, si bodi si sensa, wote kazi yao ni kuuvuta chini mpaka sifuri alafu kuuachia, anayeupandisha ni rezista ya ohm 4.7k (ile yenye mistari ya njano, zambarau, nyekundu) inayofungwa kati ya data na moto. Ukiisahau, waya ukiachiwa haupandi vizuri na bodi haisikii kitu. -127 sio joto jamani, ni laibrari ya Arduino (programu iliyoandikwa tayari ya kusomea sensa) inakwambia hamna aliyejibu.

Mazungumzo yenyewe yanapimwa kwa muda, na anayeanza ni bodi siku zote. Inavuta waya chini maikrosekunde (sehemu ya milioni ya sekunde) 480 au zaidi, inaachia, sensa inakaa kidogo nayo inavuta chini kati ya 60 na 240, yaani nipo. Kuanzia hapo ni biti mojamoja, yaani 1 au 0: bodi ikituma 1 inauvuta na kuuachia kabla ya maikrosekunde 15, ikituma 0 inaushikilia 60 hivi. Kusoma nako bodi inavuta kidogo, inaachia, inacheki ndani ya hizo 15, waya ukipanda ni 1, ukibaki chini ujue sensa imeushikilia, hiyo 0.

Kuna na 85 kamili. Hiyo ndo namba sensa inayoamka nayo kabla haijapima, na kipimo cha biti 12 kinaweza kuchukua mpaka milisekunde 750, we ukisoma mapema unapewa 85. Hapa ndo mayai yanapoharibika, maana yanataka kama nyuzi 37.5, kodi (programu uliyoiandikia bodi) ikiamini 85 inazima hita, ikiamini -127 inaiacha inawaka tu mpaka mayai yaive. Iandike kodi izitupe hizo namba mbili na ipige alamu.

Sensa kadhaa zinakaa waya huohuo bila shida, kila moja ina anwani yake ya biti 64 kutoka kiwandani. Ila ukiziita zote kwa pamoja zikupe vipimo zitajibu kwa mkupuo na majibu yatachanganyika, kwahiyo kodi iite kila moja kwa anwani yake. Kuzijua anwani, chomeka moja, soma anwani, iandike kwenye selotepu uibandike kwenye waya wake, ndo uchomeke inayofuata.