Yesu wa Kwenye Kalenda Ametoka Wapi?

Ukizunguka masoko ya Marikiti au Kongowea, Mombasa, utaikuta picha hiyo ya Yesu: uso mrefu, ngozi nyeupe, nywele za kahawia zilizolala mabegani, mara nyingine macho ya samawati. Imebandikwa nyuma ya matatu, imechapwa kwenye kalenda za maduka, imetundikwa juu ya makochi sebuleni. Kwa kuwa Mombasa ina ngome iliyopewa jina la Yesu, wageni wetu wa makumbusho, Wakristo kwa Waislamu, hutuuliza mara kwa mara: yule mtu mwenyewe alikuwa Mzungu?

Hakuwa Mzungu. Yesu alikuwa Myahudi wa Galilaya, aliyeishi miaka 2,000 hivi iliyopita katika nchi inayopakana na bahari ya Mediterania. Injili zote nne hazitaji rangi yake, kimo chake wala nywele zake. Zinatuachia dalili ndogondogo tu. Katika Yohana 4, mwanamke Msamaria anamtambua papo hapo kuwa ni Myahudi. Katika Mathayo 26, Yuda analazimika kuwapa waliotumwa ishara ya busu ili wajue ni yupi wa kukamatwa, jambo ambalo lisingehitajika kama Yesu angekuwa na sura tofauti na ya wenzake. Mwaka 2001 mtaalamu wa Uingereza, Richard Neave, alitengeneza upya sura ya mwanamume wa Yudea wa karne ya kwanza akitumia fuvu la kale. Ilitoka sura pana, rangi ya maji ya kunde iliyokolea, nywele fupi za kujikunja. Sura ile haikuwa ya Yesu, na hakuna aliyepaswa kuiuza hivyo, lakini inatuonyesha watu wa pale walifananaje.

Basi huyu wa kwenye kalenda katoka wapi? Hapa ndipo historia ya sanaa inapokuwa tamu, na naomba msomaji anivumilie kidogo.

Miongoni mwa picha za kale kabisa za Yesu tulizo nazo ni zile za Dura-Europos, mji wa mpakani ulioko Syria ya leo. Zilichorwa kwenye ukuta wa nyumba ya ibada karibu mwaka 235. Yesu anaonekana kijana, hana ndevu, nywele fupi, amevaa kama watu wa mji ule. Huko Roma, kwenye makaburi ya chini ya ardhi, Wakristo walimchora pia kama mchungaji kijana aliyebeba kondoo mabegani. Ndevu na nywele ndefu zilikuja kushika nafasi kuanzia karne ya 4, wakati Ukristo ulipokubaliwa na dola ya Kirumi. Wanahistoria wengi wa sanaa wanaona kwamba wachoraji walichukua alama za utukufu ambazo watu walikwisha kuzizoea kwenye sanamu za miungu kama Zeu na Serapi. Katika mji wa Ravenna, Italia, kanisa la Sant'Apollinare Nuovo lina mapambo ya vijiwe vya rangi ya karne ya 6 yanayoonyesha sura mbili ndani ya jengo moja: ukuta wa miujiza una Yesu asiye na ndevu, ukuta wa mateso una Yesu mwenye ndevu. Waumini waliosali humo hawakuona tatizo lolote. Walijua wanachotazama ni mafundisho.

Sura yenye ndevu ndiyo iliyoshinda. Ikoni, yaani picha takatifu ya ubaoni, ya karne ya 6 iliyoko katika monasteri ya Mtakatifu Katerina, chini ya Mlima Sinai, imeendelea kunakiliwa hadi leo. Baadaye huko Ulaya ikasambaa barua iliyodaiwa kuandikwa na ofisa wa Kirumi aitwaye Lentulo, ikieleza nywele za Yesu na rangi yake kana kwamba mwandishi alimwona kwa macho. Barua hiyo ni ya kughushi, ilitungwa katika zama za kati, lakini wachoraji waliiamini. Mwaka 1940 Mmarekani Warner Sallman akachora kichwa cha Yesu ambacho kilichapwa kwa mamia ya mamilioni ya nakala. Uenezi huo ulitokana na mitambo ya uchapishaji na bei nafuu. Karatasi haikuwa na ushahidi wowote mpya kuhusu Galilaya.

Ulaya yenyewe haikuwachora watakatifu wote kwa rangi moja. Katika kanisa kuu la Magdeburg, Ujerumani, kuna sanamu ya Mtakatifu Maurice ya karne ya 13, shujaa mweusi aliyevalia deraya. Mamajusi nao: Mathayo hasemi walikuwa wangapi, lakini mapokeo yakawafanya watatu, na kufikia karne ya 15 mmoja wao alichorwa mweusi ili wawakilishe Ulaya, Asia na Afrika, mabara yaliyojulikana huko wakati ule. Itazame vizuri picha ya namna hiyo ukiikuta: mara nyingi yule mweusi ndiye kijana kuliko wote na ndiye wa mwisho kumfikia mtoto. Wamempa heshima na wakamweka pembeni kwa wakati mmoja.

Kuna pia Mabikira Maria weusi, kama wa Częstochowa nchini Poland na wa Montserrat nchini Hispania. Weusi wa baadhi yao umetokana na moshi wa mishumaa, au mbao na vanishi zilizobadilika rangi kwa miaka. Lakini huko Einsiedeln, Uswisi, sanamu iliposafishwa mwaka 1799 na rangi ya ngozi nyeupe ikajitokeza, waumini hawakuikubali. Ilibidi ipakwe nyeusi tena. Mama yao walimjua akiwa mweusi.

Kwetu Afrika mambo ni mazito zaidi, na nasikitika kwamba mwanafunzi wa Pwani anaweza kumaliza shule bila kuyasikia. Kanisa kuu la Faras, huko Nubia, kaskazini mwa Sudan ya leo, lilichimbuliwa na Wapoland kati ya 1961 na 1964 kabla maji ya bwawa la Aswan hayajaufunika mji huo. Picha moja ya karne ya 10 inamwonyesha Askofu Petros, mwenye uso wa kahawia iliyokolea, amevaa joho la fahari. Nyuma yake amesimama Mtume Petro, mweupe. Wachoraji walimchora askofu wao kama walivyomwona, na mtume kama ikoni za Bizanti, dola ya Kirumi ya mashariki, zilivyowafundisha. Ethiopia walikwenda mbali zaidi: katika michoro yao mingi Maria na Mwanawe wana macho makubwa na sura ya watu wa nchi ile, na mapokeo yakashika kwamba mwema achorwe uso mzima, mwovu achorwe upande akionyesha jicho moja. Katika Kongo, ambako mfalme alibatizwa mwaka 1491, mafundi walisubu misalaba ya shaba yenye Kristo wa sura ya Kiafrika.

Na Mombasa? Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593, Waagustino, watawa wa Kikatoliki, wakafungua nyumba yao mwaka 1597, na ndovu wa bara letu wakawa malighafi ya sanaa ya kanisa. Pembe zilivuka bahari hadi Goa, koloni la Wareno huko India, zikachongwa na Wahindi kuwa sanamu za Mtoto Yesu aliyefumba macho, mwenye utulivu unaomkumbusha mtazamaji sanamu za Buddha. Pembe ya Afrika, mkono wa Mhindi, agizo la Mreno! Karne ya 19 wamisionari wa Rabai na Frere Town walikuta pwani yenye sanaa yake ya nakshi, na Kanisa Kuu la Ukumbusho la Waanglikana, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, likakubali kuba na matao ya mtindo wa misikiti. Jengo lilizungumza na mji. Picha za kufundishia ziliendelea kuchapwa Ulaya.

Si kwamba hapakuwa na mkono wa kuchora. Katika miaka ya 1950 Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, alichora kuta za kanisa la Murang'a: kuzaliwa, ubatizo, karamu, Gethsemane na msalaba, vyote katika mandhari ya Kenya na kwa nyuso za Waafrika. Ilikuwa nchi iliyotoka kumwaga damu wakati wa Mau Mau, na waumini wakaona mateso hayo yakitokea kwenye vilima wanavyovijua.

Hata hivyo sitaki mtu atoke hapa akidai kwamba Yesu wa Murang'a ni ushahidi wa kihistoria na wa Sallman ni uongo. Vyote viwili ni imani iliyotiwa rangi. Hatari huanza pale picha inapotumika kumng'oa Yesu kwa watu wake. Mwaka 1939 huko Eisenach, Ujerumani, wanateolojia waliowaunga mkono Wanazi walifungua taasisi ya kuondoa kila kilicho cha Kiyahudi katika Ukristo, wakifundisha kwamba Yesu hakuwa Myahudi. Katika miaka ya taasisi hiyo Wayahudi walikusanywa na kuuawa. Sisi nasi tukimchora mtu wa Pwani, tumchore kwa upendo, huku tukiwafundisha watoto kwamba mama yake alikuwa binti Myahudi wa Nazareti.

Ninachoomba kwa kamati za makanisa yetu ni cha vitendo. Msiing'oe picha ambayo bibi zenu wameisalia. Mnapojenga kanisa jipya, au kikanisa cha shule huko Kilifi au Likoni, kabla ya kuagiza bango la kiwandani mwiteni mchoraji wa hapa. Msomeeni Isaya 53, pasemapo kwamba mtumishi wa Bwana hakuwa na umbo wala uzuri wa kutamanika. Mwonyesheni Faras, Ethiopia na Ravenna. Kisha mwandike chini ya mchoro, kwa herufi zinazosomeka, jina lake, mwaka, na maneno machache ya kwa nini alichagua sura ile, ili mtoto atakayeutazama miaka 50 ijayo ajue ulichorwa na nani na kwa ajili ya nani.