Mwitikio wa chini kwa hewa ukaa si ugonjwa: ufafanuzi kwa wanariadha

Maabara yetu ya mapafu inapokea malalamiko mengi ya wanariadha wa mbio ndefu, waogeleaji na waendesha baiskeli walioambiwa kwamba mwitikio wao kwa hewa ukaa (kaboni dioksidi) uko chini, yaani upumuaji wao hauongezeki sana gesi hiyo inapozidi mwilini. Wanadai kipimo kirudiwe. Kwa kawaida hakuna sababu ya kukirudia.

Ukiwa umetulia, kinachokusukuma kuvuta pumzi si upungufu wa oksijeni. Wanafiziolojia Haldane na Priestley walilionyesha hilo mwaka 1905, na bado tunaambiwa "oksijeni iliniishia" na mtu aliyebana pumzi kidogo tu. Hewa ukaa ikizidi kwenye damu hupenya hadi ubongoni, asidi inaongezeka, na vihisio vya shina la ubongo vinaharakisha upumuaji.

Watu wa stamina, kwa wastani, huitikia msukumo huo kwa upole zaidi. Inaelekea sehemu ya tofauti hiyo mtu huzaliwa nayo, kwa hiyo usitarajie mwitikio wa kila anayefanya mazoezi ushuke. Kinachoonekana wazi baada ya mazoezi ni kingine: kwa kasi ileile unahema kidogo, kwa kuwa misuli inazalisha asidi ya laktiki kidogo.

Sasa utaratibu. Pua hubanwa kwa kibanio, nawe unapumua ndani ya mfuko wenye asilimia 7 ya hewa ukaa, iliyobaki ni oksijeni, kwa takriban dakika 4. Unachotoa kinarudi mfukoni, hivyo hewa ukaa inazidi kupanda. Tunahesabu lita za hewa unayovuta zinazoongezeka kwa dakika kwa kila milimita 1 ya zebaki ambayo shinikizo la hewa ukaa linapanda; hiyo ndiyo namba ya mwitikio wako. Kichwa kikiuma au ukisikia kizunguzungu, inua mkono, tunasimamisha. Usinywe kahawa kabla, maana kafeini huongeza mwitikio. Aliyekunywa hupangiwa siku nyingine, na maombi maalumu hayakubaliwi.

Tunasisitiza: msiheme harakaharaka kabla ya kupiga mbizi. Damu ya mtu mzima wa afya tayari imejaa oksijeni kwa karibu asilimia 98. Mnachofukuza ni hewa ukaa, yaani onyo lenyewe, na mtu huzimia majini kabla hajahisi haja ya kuvuta pumzi. Watu hufa hivyo, tena waogeleaji hodari.

Anayesinzia mchana na kuamka na maumivu ya kichwa, huyo aje apimwe hewa ukaa ya damu yenyewe, kwani huenda imezidi. Kiwango cha kawaida ni milimita 35 hadi 45 za zebaki.